Tairi kubwa kwenye pikapu: yanayosemwa na yanayotokea kweli

Hilux nyingi tunazoziona barabarani zilitoka kiwandani na matairi ya 265/65R17, yaani upana wa milimita 265, ukuta wenye kimo cha asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Mwenye gari anataka likae juu, lipite kwenye matope bila kukwaruza tumbo, na dukani anashauriwa afunge 285/70R17. Yanaingia, pengine baada ya kupunguza kidogo plastiki ya ndani ya madigadi. Gari linapendeza kweli. Siku chache baadaye anahisi limekuwa zito kuondoka, na kila anayemuuliza ana maelezo yake.

Tuanze na hesabu. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776, na la 285/70R17 lina milimita 831. Ongezeko ni asilimia 7. Tairi la zamani likizunguka mara moja gari linasogea mita 2.44; hili jipya linalisogeza mita 2.61. Mengi yanayobishaniwa hapa chini yamo ndani ya asilimia hiyo 7.

“Tairi kubwa linaongeza mbio, maana linakula barabara zaidi kwa kila mzunguko”

Hili ndilo kosa linalozaa mengine. Ni kweli tairi linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, lakini injini ni ile ile na nguvu yake haijaongezeka. Umbali huo wa ziada unalipiwa kwa msukumo. Injini inazungusha shafti, shafti inazungusha difu, difu inazungusha ekseli, na tairi ndilo gia ya mwisho katika mnyororo huo. Ukilikuza, umebadilisha gia bila kugusa giaboksi.

Mwendesha bodaboda analijua jambo hili vizuri. Akifunga sproketi ndogo nyuma, pikipiki inakimbia tambarare kwa mlio wa chini, lakini akipakia watu wawili na kuanza kupanda kilima inamkatalia. Pikapu yenye tairi kubwa iko katika hali hiyo hiyo.

Chukua gari lenye difu ya uwiano wa 4.10, yaani shafti inazunguka mara 4.10 ili tairi lizunguke mara moja. Ukigawanya kwa 1.07 unapata 3.83. Yaani gari sasa linajiendesha kana kwamba kiwanda kiliweka difu ya 3.83 na kuacha matairi ya awali. Msukumo unaofika barabarani unapungua kwa asilimia 6.5 hivi katika kila gia, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Ndiyo maana unapoondoka kwenye taa na mzigo nyuma unalazimika kuchezea klachi muda mrefu zaidi, na klachi inayochezewa hivyo kila siku haidumu.

Na mwendo wa juu kabisa? Pikapu nyingi haziishiwi mizunguko ya injini zikiwa kwenye gia ya mwisho. Zinaishiwa nguvu ya kupambana na upepo. Kurefusha gia hakusaidii hapo, na gari lililoinuliwa linakata upepo mwingi zaidi. Mara nyingi mwendo wa juu unashuka.

“Injini yenye turbo haioni tofauti”

Inaona, ila kwa namna nyingine. Injini ya 1GD ya lita 2.8 iliyomo kwenye Hilux za miaka ya karibuni inatoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha kuanzia mizunguko 1,600 kwa dakika. Tuseme kwa mwendo fulani kwenye gia ya juu ilikuwa inazunguka mara 1,700, ndani kabisa ya eneo lake zuri. Kwa matairi mapya, mwendo ule ule unaishusha hadi kama 1,590. Imetoka nje ya eneo hilo. Unakanyaga mafuta, gari linasita, kisha unashusha gia. Kwenye giaboksi ya otomatiki utaiona ikipanda na kushuka gia bila kutulia, na kila badiliko la gia linazidisha joto kwenye oili yake.

Hilux za zamani zenye injini za 3L na 5L (hayo ni majina ya injini, si lita), zisizo na turbo, zina hali ngumu zaidi kwa sababu hazina nguvu ya akiba. Kwenye mpando wa Kitonga, kule Iringa, gari lililokuwa likimudu kwa gia ya tatu linaweza kumaliza kona zote kwa gia ya pili, nyuma ya malori, huku sindano ya joto ikipanda.

“Nimetoka rimu ya 16 kwenda 18, kwa hiyo tairi langu ni kubwa”

Si lazima. Matairi ya 265/70R16, 265/65R17 na 265/60R18 yana vipenyo vya milimita 777, 776 na 775. Rimu imekua, ukuta wa tairi umepungua, na kwa upande wa gia hakuna kilichobadilika. Kinachohesabika ni kipenyo cha tairi zima.

“Uzito wa tairi ni kilo chache tu”

Kilo inayozunguka si sawa na kilo iliyolala kwenye bodi. Mzigo wa nyuma unahitaji kusukumwa mbele tu. Tairi linahitaji kusukumwa mbele na pia kuanzishwa kuzunguka, na sehemu yake nzito iko ukingoni kabisa. Kilo iliyoko ukingoni huko inakaribia kuhesabika mara mbili wakati gari linapochukua mwendo. Kila tairi na rimu vikiongezeka kilo 10, umeongeza kilo 40 kwenye mizani, lakini wakati wa kuondoka injini inaweza kuzihisi kama kilo 70 au zaidi.

Uzito huo huo ndio breki zinapaswa kuusimamisha. Tena diski imebaki na ukubwa wake wakati tairi limerefuka, kwa hiyo mguu ule ule kwenye pedali unatoa nguvu ndogo ya kusimamisha. Watu wanazungumzia sana kuchomoka na kidogo sana kusimama. Kwangu mimi hili la breki ndilo la kwanza, hasa kwa gari linaloteremka milima likiwa na mzigo.

“Dashibodi inasema 50, basi ni 50”

Kipima mwendo kinahesabu mizunguko, hakijui ukubwa wa tairi. Viwanda huviweka visome juu kidogo kuliko mwendo halisi, kwa hiyo asilimia 7 yako inakula kwanza ziada hiyo. Kilichobaki ni hatari yako: kijijini penye kibao cha 50 unaweza kuwa na 53 bila kujua. Linganisha na GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka, ujue gari lako linadanganya kwa kiasi gani.

Kosa hilo linaingia pia kwenye hesabu ya mafuta. Dashibodi ikionyesha umeenda kilomita 500 kwa lita 60, unapata kilomita 8.3 kwa lita. Kama kifaa kilikuwa sahihi kwa matairi ya awali, kweli umeenda kilomita 535, sawa na 8.9 kwa lita. Rekebisha kwanza ndipo ulalamike. Baada ya kurekebisha, wengi bado watakuta matumizi yamepanda, kwa sababu ya uzito, upepo na kashata nene za matairi ya matope.

“Nimeinua bodi, kwa hiyo difu haigongi mawe”

Kuinua bodi au springi hakuinui difu ya nyuma hata kidogo. Ekseli ya nyuma inabaki pale pale. Tairi kubwa ndilo linaloiinua, na ni kwa nusu ya ongezeko la kipenyo: milimita 27 kwa mfano wetu. Hiyo ni faida ya kweli, na ndiyo sababu ya haki ya kufunga matairi haya.

Kama umeamua kuyafunga

Dawa yake ni kubadilisha gia za difu. Ili kurudisha hali ya mwanzo kwa difu ya 4.10, unahitaji kama 4.39. Seti ya 4.30 inakusogeza karibu sana, ya 4.56 inapitiliza kidogo, jambo zuri kwa anayebeba mizigo mizito. Kwenye 4x4 difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja, la sivyo ukiingiza gia ya magurudumu manne kwenye ardhi ngumu zitavutana hadi kitu kivunjike. Kwa sababu hiyo hiyo, tairi la akiba nalo libadilishwe.

Kufungua difu mbili ni kazi ya fundi anayejua kupima nafasi kati ya gia, na si rahisi kwa mfuko. Asiyetaka kufika huko ana 265/70R17, yenye kipenyo cha milimita 803. Ongezeko lake ni asilimia 3.4 tu, difu ya 4.10 inakuwa kama 3.97, na ekseli inapanda milimita 13.