Mgonjwa amelazwa kwa virusi, na anatumia dawa ya kolesteroli: maswali na majibu

Mama amelazwa kwa homa kali ya mafua. Mkobani mwake tumekuta vidonge vya atovastatini. Aendelee kuvimeza?

Mpeni muuguzi pakiti yenyewe, pamoja na dawa zote anazotumia nyumbani, ziandikwe kwenye faili. Mara nyingi jibu huwa ndiyo, aendelee. Vidonge hivyo vya atovastatini ni dawa ya kolesteroli ya kundi liitwalo statini; anavimeza kwa ajili ya moyo na mishipa yake, na mafua makali huutia moyo hatarini. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa ndani ya siku 7 za kwanza baada ya vipimo kuthibitisha homa ya mafua, uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo ulikuwa takriban mara 6 ya kawaida. Hiyo siyo wiki ya mtu kuachishwa dawa ya moyo kwa kusahauliwa tu.

Mafua yapo kifuani. Moyo umeingiaje?

Tazama kidonda kichanga: kimevimba, chekundu, kina joto, kinauma. Hiyo ndiyo inflamesheni, kinga ya mwili ikiwa kazini. Virusi vikiingia mapafuni, kazi hiyo hiyo hufanyika ndani usikokuona. Ikizidi, mwili huanza kujiumiza wenyewe: mapafu hujaa majimaji, damu huganda kwa urahisi, na utando wa mafuta kwenye kuta za mishipa huweza kupasuka. Kwenye majibu ya maabara utaona herufi CRP. Ni protini inayotolewa na ini inflamesheni inapopanda. Kwa aliyelazwa mahututi huweza kupita miligramu 100 kwa lita, wakati mtu mwenye afya huwa chini ya 10.

Dawa ya kupunguza mafuta inahusikaje na inflamesheni?

Statini huzuia kimeng'enya ambacho ini hukihitaji ili kutengeneza kolesteroli. Njia hiyo hiyo hutoa pia vitu vidogo ambavyo chembe za kinga huvitumia kupelekeana ishara, kwa hiyo ukiibana, ishara nazo hupungua. Katika jaribio la JUPITER la mwaka 2008, watu 17,802 ambao kolesteroli yao haikuwa juu lakini CRP yao imepanda waligawanywa makundi mawili. Waliopewa rosuvastatini, mojawapo ya statini, CRP yao ilishuka kwa asilimia 37. Ila hao hawakuwa wagonjwa waliolazwa, na hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo.

Basi mbona hawapewi wote wenye virusi?

Wakati wa UVIKO-19, kumbukumbu za hospitali nyingi zilionyesha kuwa waliokuwa wakitumia statini walikufa wachache zaidi. Matumaini yalipanda, nami naelewa kwa nini. Lakini fikiria mtu anayemeza kidonge kila jioni kwa miaka: huyo huhudhuria kliniki, hupimwa presha, huwahi hospitali akiugua. Kilichomsaidia ni kidonge, au ni huo uangalifu wake? Kumbukumbu haziwezi kujibu. Hujibiwa na jaribio linalowagawa wagonjwa kwa bahati nasibu.

Nchini Iran, wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 walipewa atovastatini miligramu 20, na matokeo yaliyotoka mwaka 2022 hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa. Mwaka 2023, jaribio la REMAP-CAP, nalo kwa wagonjwa mahututi wa UVIKO-19, lilitoa matokeo ya simvastatini miligramu 80: uwezekano kwamba inasaidia ulikuwa asilimia 95.9, chini ya kiwango cha 99 ambacho watafiti walikuwa wamejiwekea. Linganisha na deksamethasoni, dawa ya kutuliza inflamesheni, ambayo mwaka 2020 ilipunguza vifo kwa theluthi moja kati ya waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia.

Kwa maoni yangu mlango haujafungwa. Huenda wanaofaidika ni wale tu ambao inflamesheni yao iko juu mno, na hao inabidi watambuliwe kwanza. Kwa sasa, asiyekuwa akitumia statini asianzishiwe kwa sababu ya virusi peke yake.

Kuna wakati lazima isimamishwe?

Ndiyo. Ritonaviri, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za virusi, haipatani na simvastatini wala lovastatini. Antibayotiki iitwayo klarithromaisini nayo ni hivyo hivyo. Zikikutana, statini hurundikana kwenye damu na misuli huanza kuharibika. Mgonjwa akilalamika misuli inauma sana na haina nguvu, au mkojo wake ukawa wa kahawia iliyokoza, mwiteni daktari hapo hapo. Misuli ikivunjika hivyo, figo nazo huweza kufeli.

Baba amepimwa kolesteroli akiwa wodini, imeshuka sana. Aache dawa?

Asiache. Maambukizi makali yenyewe hushusha kolesteroli kwa muda, hivyo kipimo hicho hakisemi hali yake ya kawaida. Apimwe upya wiki kadhaa baada ya kupona, na ikiwa daktari hakumbadilishia dozi, aendelee na ile ile.