Mungu kanisamehe, mbona bado nalipa?

Hili swali naulizwa sana pale ofisini kanisani. Aliyenifanya nikae kuandika leo ni kaka mmoja, mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa, alikuwa anachota hela za kina mama kidogo kidogo, maana wenzake wawili walishamwachia na funguo zao kwa kumwamini, mpaka siku ya kugawana sanduku likafunguliwa, lile la kufuli tatu, ndani kuna madaftari na noti chache tu. Alitubu mbele ya kanisa analia, nilisimama naye pale mbele na naamini alitubu kweli. Miezi miwili baadaye kaja kwangu kakasirika: "Mchungaji, kama nimesamehewa mbona hawanirudishii kazi yangu?"

Nikamfungulia 2 Samweli 12. Mfalme Daudi kamchukua Bathsheba, mke wa Uria, kamuua Uria kwa upanga wa Waamoni, anakuja nabii Nathani, Daudi anakiri. Mstari wa 13 Nathani anamjibu, "Bwana naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa." Na mstari wa 14 hapo hapo anamwambia mtoto atakufa, tena mstari wa 10 alishamwambia upanga hautaondoka nyumbani mwake. Ni nabii yule yule, kikao kile kile! Na msamaha wenyewe haukuwa mdogo jamani, torati ilisema mzinzi auawe na muuaji auawe, hakukuwa na mbuzi wala ng'ombe wa kumtoa pale, ndo maana Zaburi ya 51 inasema "hupendezwi na dhabihu, au ningeitoa."

Sasa twende sura ya 13, ambayo makanisani hatuihubiri kabisa. Amnoni mwana wa Daudi anambaka Tamari, dada yake wa baba mmoja. Daudi anasikia, anakasirika sana, halafu... basi. Hafanyi kitu. Mi nimesoma hiyo sura miaka mingi na naona mdomo wa baba ulishafungwa, maana atamwambia nini kijana wake kuhusu kuchukua mwanamke kwa nguvu wakati nyumba nzima inajua habari ya Bathsheba? Absalomu kasubiri miaka 2 kamuua Amnoni kwenye sikukuu ya kukata kondoo manyoya, baadaye kampindua baba yake, na mshauri wake ni Ahithofeli, ambaye ukiunganisha 11:3 na 23:34 inaelekea alikuwa babu yake Bathsheba. Kwa hiyo Mungu hakuhitaji kushusha moto, mengi yalitoka mle mle ndani ya nyumba.

Na Tamari je? Biblia inasema alikaa ukiwa nyumbani kwa Absalomu, basi hatumsikii tena. Yeye hakutenda dhambi yoyote. Ndo maana naumia nikisikia mtu anamwambia mgonjwa au aliyefiwa kwamba analipia dhambi zake, unajuaje? Huenda amebeba mzigo wa mwingine kabisa, na huenda si mzigo wa dhambi ya mtu yeyote, soma Yohana 9 uone Yesu alivyowajibu wanafunzi wake kuhusu yule kipofu.

Wakatoliki wana jina kabisa la hili jambo, adhabu za muda, yaani adhabu inayobaki hata dhambi ikishasamehewa, na sisi Walutheri tumebishana nao habari za rehema, yaani kuondolewa adhabu hizo kupitia kanisa, tangu 1517, leo siingii huko. Ila hakuna upande unaosema ukitubu basi hela ya watu imejirudisha. Zakayo mwenyewe alisema atarudisha mara nne.

Nikamwambia yule kaka, wale mama wamekusamehe, nimewasikia kwa masikio yangu, lakini kuna mmoja ile hela ilikuwa ada ya mtoto na mtoto alirudishwa nyumbani muhula mzima. Muhula ule nani ataurudisha? Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza anaweza kuanza kulipa kwa elfu kumi kumi.

Sasa hivi anakuja kila Jumamosi. Katibu anaandika kwenye daftari, anamsomea kiasi kilichobaki kwa sauti, naye anasaini, halafu anakaa kwenye benchi na wenzake kikao kiendelee. Funguo ziko kwa mama watatu.