Kurekebisha mwongozo wa programu huria kwa mara ya kwanza: yanayodhaniwa na yalivyo

Wanaojifunza kompyuta Mtwara, Masasi, Lindi na Nachingwea wanatumia programu huria kila siku: Python, QGIS, LibreOffice. Miongozo ya programu hizi ina makosa, na yeyote anaruhusiwa kutuma sahihisho. Kinachowazuia wengi ni mambo yasiyo na ukweli.

"Mpaka niwe fundi wa programu kwanza."

Hapana, na katika dhana zote hii ndiyo yenye hasara kubwa. Mwongozo wa kusakinisha huandikwa na mtu ambaye mashine yake ina kila kitu tayari, kwa hiyo hatua iliyorukwa haioni tena. Anayeiona ni anayeanza leo.

Chukua miongozo ya Python. Mingi bado inasema andika `pip install`, amri ya kusakinisha vifurushi vya Python, na jina la programu, basi. Aliyeko Mikindani na kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu 24.04 akifuata hivyo anapata `error: externally-managed-environment` na kukwama hapohapo. Tangu Debian 12, mfumo ambao Ubuntu hujengwa juu yake, iliyotoka 2023, pip huzuiwa isiguse Python ambayo mfumo wenyewe unaitegemea. Dawa ni kutanguliza mistari mitatu inayotengeneza mazingira ya pekee ya Python kwa mradi wako:

`sudo apt install python3-venv`
`python3 -m venv .venv`
`source .venv/bin/activate`

Kuiongeza kwenye mwongozo ni mchango kamili, kwa sharti kwamba umeijaribu mwenyewe kwenye folda tupu, mwanzo hadi mwisho, na umeandika ni ya mfumo gani. Mtumiaji wa Windows akiinakili ilivyo atakwama.

"Inahitaji kompyuta kali na bando kubwa."

Kwa sahihisho la mistari michache, kivinjari kinatosha. Kwenye GitHub, tovuti inayohifadhi miradi mingi ya programu huria, fungua faili, bonyeza alama ya penseli, na mfumo utakutengenezea nakala ya mradi kwenye akaunti yako. Rekebisha, tazama kwenye Preview litakavyoonekana, bonyeza Propose changes, kisha Create pull request, yaani ombi la kuingiza mabadiliko yako kwenye mradi. Usiishie kwenye kitufe cha kwanza: hapo mabadiliko yako yanakaa kwenye nakala yako tu, na wasimamizi hawajapata ombi lolote. Ukilazimika kushusha mradi wenyewe, `git clone --depth 1` huleta hali ya sasa bila historia yake ya miaka, na hapo bando linapona.

"Ukurasa wenye kosa ndio wa kurekebisha."

Mara nyingi ukurasa huo umezalishwa na mashine kutoka faili jingine, kwa kawaida la `.md` au `.rst` ndani ya folda ya `docs`. Ukirekebisha uliozalishwa, kazi yako itafutika utakapozalishwa tena. Hakikisha pia hausomi mwongozo wa toleo la zamani; huenda kosa limeshaondolewa kwenye tawi kuu, yaani toleo linaloendelezwa sasa.

"Nikishafungua faili, nisafishe kila ninachokiona."

Ombi moja, jambo moja. Msimamizi husoma tofauti kati ya zamani na mpya: mistari myekundu iliyoondoka, ya kijani iliyoingia. Mbili nyekundu na tatu za kijani anazimaliza mara moja. Baadhi ya vihariri vya Windows hubadili alama isiyoonekana ya mwisho wa mstari, na neno moja ulilosahihisha linaonekana kama umeandika upya faili zima. Vingine hufuta nafasi mbili mwishoni mwa mstari, ambazo kwenye Markdown, mtindo wa kuandika faili za `.md`, ndizo zinazoukata mstari. Pitia `git diff`, amri inayoonyesha tofauti hizo, kabla ya kutuma. Ukiona wekundu usioutarajia, usitume.

"Sahihisho lolote hupokelewa."

Oktoba 2020, kwenye Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuhamasisha watu kuchangia programu huria, maombi manne yalimpa mtu fulana. Miradi ilifurika maombi ya kuongeza maneno matupu kwenye README, faili la utangulizi wa mradi, hadi waandaaji wakabadili utaratibu: mradi ushiriki kwa kujiandikisha wenyewe. Sahihisha tahajia iliyokosewa kweli, amri isiyofanya kazi, kiungo kilichokufa. Kubadili sentensi iliyo sawa kwa sababu unapenda yako zaidi ni kumpotezea mtu muda anaojitolea.

"Nianze kwa kutafsiri README kwa Kiswahili."

Nia ni njema, ila uliza kwanza. Miradi mingi hupokea tafsiri kupitia tovuti za kutafsiria kama Weblate, Transifex au Crowdin, na tafsiri isiyo na wa kuihuisha huanza kupotosha wasomaji toleo jipya likitoka.

"Kiingereza changu kitafanya nichekwe."

Sentensi tatu fupi zinatosha: ulifuata nini, nini kilitokea, umebadilisha nini. Bandika na maneno ya kosa yalivyo.

"Wamekaa kimya, wamekataa."

Saa tatu asubuhi Lindi, California ni saa nne au saa tano usiku, kutegemea msimu. Wiki moja au mbili ni kawaida; baada ya hapo kumbusha mara moja kwa adabu. Vipimo ambavyo mashine huviendesha yenyewe juu ya ombi lako vikionekana vimesimama, usihangaike: kwa mchangiaji mgeni mara nyingi husubiri idhini ya msimamizi. Kipimo cha DCO, uthibitisho kwamba una haki ya kutoa kazi hiyo, kikifeli, kinachokosekana ni mstari wa Signed-off-by, ambao `git commit -s` huuweka. Wakikuomba marekebisho, usifungue ombi jipya. Rudi kwenye nakala yako, ingia tawi lilelile, kwa kawaida `patch-1`, rekebisha hapo, na ombi la awali litajisasisha lenyewe.