"Wakili, si wale hawashitakiwi?"

Mama mmoja aliingia ofisini kwangu hapa Columbus, Ohio, na bahasha ya bili za hospitali za mwanawe aliyepigwa risasi. Hata hajakaa vizuri akaniambia, "Najua hakuna kesi, wakili. Watengeneza bunduki hawashitakiwi." Bahasha ile alikuwa ameilalia mwaka mmoja na miezi kumi, na Ohio inakupa miaka 2 tu kufungua madai ya kuumizwa mwili. Alikuwa wa nne mwaka huu kuniambia maneno yaleyale, nami nimechoka.

Sheria ya shirikisho ya 2005, PLCAA, inamkinga mtengenezaji na muuzaji pale mtu mwingine anapoitumia silaha kufanyia uhalifu. Kinga hiyo ni nene, sibishi. Lakini imeachiwa milango 6. Bunduki yenye kasoro ya kiwandani ina mlango wake. Muuzaji anayemkabidhi silaha mtu ambaye dalili zote zinaonyesha ataitumia vibaya, naye ana wake. Ninaoupigia hodi kwanza mimi ni ule wa aliyevunja kwa kujua sheria ya uuzaji au matangazo, madhara yakafuata.

Kule Milwaukee, kijana wa miaka 18 alimtumia mwenzake wa miaka 21 amnunulie bastola dukani. Bastola hiyo ikawajeruhi askari polisi wawili. Mnunuzi yeyote hujaza fomu 4473, na fomu inamuuliza waziwazi: silaha hii unajinunulia mwenyewe? Akiwa anamnunulia mwingine asiyeruhusiwa, muuzaji hatakiwi kumpa. Oktoba 2015 baraza la wazee wa mahakama liliona duka lilijua, likaamuru fidia ya karibu dola milioni 6. PLCAA ilikuwa na karibu miaka 10 tayari.

Familia 9 za Sandy Hook, shule ambako watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa Desemba 2012, ziliibana kampuni ya bunduki ya Remington kupitia sheria ya Connecticut inayosimamia biashara na matangazo. Mwaka 2022 zikalipwa dola milioni 73, fedha za kampuni za bima.

Basi mtu atanitajia kesi ya serikali ya Mexico dhidi ya watengeneza bunduki. Ndiyo, Juni 2025 Mahakama ya Juu iliikatalia kwa sauti moja. Ilikatalia kwa kuwa Mexico haikueleza vya kutosha namna watengenezaji walivyosaidia mauzo haramu hasa. Milango iko palepale. Kwa hiyo niletee ripoti ya polisi mapema, tuulize bunduki ilitoka duka gani. Hasira za kwenye simu zinaweza kusubiri.

Neno la pili ninaloambiwa ni kwamba NRA, chama cha wenye bunduki, ilinunua kura za kuipitisha PLCAA, basi. Fedha zipo, lakini anayetazama fedha peke yake haoni kazi yenyewe. NRA humpa kila mgombea alama, A hadi F, na wanachama wake huzisoma kabla ya kupiga kura. Ndiyo maana Harry Reid wa Nevada, kiongozi wa Democrats katika Seneti wakati huo, naye aliunga mkono sheria hii. Machi 2004 wapinzani walipoubandika mswada wa kinga hii vipengele vya kudhibiti bunduki, NRA iliwaambia marafiki zake wauangushe mswada wao wenyewe. Ukaanguka kura 90 kwa 8. Julai 2005 Seneti ikaweka kando mswada wa ulinzi, nchi ikiwa vitani Iraq, ili kwanza ushughulikiwe wa bunduki. Ukapita 65 kwa 31. Kupanga kipi kijadiliwe leo na kipi kingoje, huo ndio ushawishi, na hauonekani kwenye risiti ya mchango wowote.

Tena, NRA si chama cha viwanda. Ni chama cha wanachama, tangu 1871. Chama cha viwanda ni NSSF, ambacho makao yake yalikuwa Newtown, mji uleule wa Sandy Hook.

Kwamba bunduki ni sekta pekee yenye kinga? Hapana, ingawa hata Biden alipokuwa Rais aliyasema hayo. Watengeneza chanjo wana yao tangu 1986, ila kwa chanjo uliwekwa mfuko wa kuwalipa walioumia. Wa bunduki hawana mfuko.

Na kwamba Katiba ndiyo inayowakinga: hapana. PLCAA ni sheria ya kawaida, Kongresi inaweza kuifuta kesho asubuhi. Miswada ya kuifuta imepelekwa zaidi ya mara moja, ikabaki kwenye foleni.