Te iru ya Kijapani sio "-na-" tu, mara nyingi ni "-me-"

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kutembeza wageni wa Kijapani, tuko mapokezi hotelini Arusha tunasubiri gari, mzee mmoja akauliza dereva yuko wapi, nikajibu kwa kujiamini kabisa "Doraibaa-san ga kite imasu", kichwani mwangu nimesema dereva anakuja. Watu wanane wakanyanyua mabegi wakatoka nje wakajipanga juani. Gari hakuna. Kumbe nilichowaambia ni kwamba dereva ameshafika, yupo hapo. Nilitakiwa niseme "mō sugu kimasu", anakuja sasa hivi, au kama nina hakika yuko njiani kweli, "ima mukatte imasu".

Kosa lilitoka daftarini. Wengi wetu Kijapani tunakipata kupitia vitabu vya Kiingereza, na huko te iru, yaani ule mwisho wa kitenzi (wakati mwingine de iru, na kwa adabu te imasu kama ile yangu ya dereva), unaikuta kwanza kama tendo linaloendelea, basi unaingia na "-na-" kichwani na haitoki. Kuna vitenzi inakubali bila shida: tabete iru anakula, yonde iru anasoma, ame ga futte iru mvua inanyesha. Hivyo havina kesi.

Kesi iko kwenye vitenzi ambavyo tukio lake linamalizika papo hapo, kufa, kufika, kuoa, kufunguka. Hapo te iru haisemi tendo linaendelea, inasema tendo limeshapita na hali yake ndo imebaki. Shinde iru sio anakufa jamani, ni amekufa. Kekkon shite iru ni ameoa, au ameolewa, Kijapani hakitofautishi. Suwatte iru amekaa, tatte iru amesimama, futotte iru amenenepa, tsukarete iru amechoka, nodo ga kawaite iru koo limekauka yaani ana kiu. Umeona? Zote "-me-"! Anayewaza kwa Kiingereza inabidi akariri orodha, wewe umeanza kusema "mtoto amelala" kabla hujaenda hata chekechea, afu unakuja darasani kujisumbua.

Wajapani wenyewe walishalichambua hili zamani. Mwanaisimu Kindaichi Haruhiko mwaka 1950 aligawa vitenzi vyao makundi manne kwa kuangalia vinavyokaa na te iru: vya hali tupu kama aru, kuwepo, ambavyo havichukui kabisa, vya kuendelea kama yomu, kusoma, vya papo hapo kama shinu, kufa, na kundi la nne la ajabu ajabu kama sobieru, la mlima kusimama juu, ambalo kwenye sentensi ya kawaida utalikuta na te iru karibu kila mara. Wengine wamekuja kumkosoa na kuongeza makundi, lakini kwa mwanafunzi hayo manne yanatosha.

Utamu uko kwenye vitenzi vyenye sura mbili. Kimono o kite iru: anavaa au amevaa? Vyote viwili, muktadha ndo unaamua, na kimono si tisheti, ukishafika kwenye kufunga ule mkanda wake "anavaa" inaweza ikachukua muda wa kutosha. Wakitaka kubana maana wanasema kite iru tokoro, yuko katikati ya kuvaa. (Ndio, "kite" hii na ile ya dereva zinafanana kwa herufi zetu, kanji, yaani herufi zao zenye asili ya Kichina, ni tofauti, na Tokyo ile ya kuja sauti inaanzia juu inashuka.) Ukienda magharibi ya Japani, mfano Hiroshima, wazee wana viambishi viwili tofauti kabisa: furiyoru mvua inanyesha, futtoru imenyesha na chini pamelowa. Yaani "-na-" na "-me-" zetu hizo hizo, mi nilipoyasikia mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Na dirisha je? Mado ga aite iru, dirisha limefunguka, liko wazi basi. Mado ga akete aru, dirisha limefunguliwa, kuna mtu kalifungua kwa sababu yake. "-k-" na "-w-", umemaliza somo ambalo watu wanaliogopa wiki nzima.

Kukanusha pia umebebwa. Ukiulizwa "mō tabemashita ka", umeshakula, usijibu "tabemasen deshita", hiyo ni sikula. Sema "mada tabete imasen", sijala. "-ja-" yako hiyo hapo.

Sasa usilewe ukabandika "-me-" kila mahali. Sunde iru ni naishi, motte iru ni ninacho, shitte iru ni najua, na hii ya mwisho ina mtego wake: ukikana, sijui, husemi shitte imasen, ni shirimasen tu, au kwa mshikaji wako, shiranai. Kila darasa ninalofundisha lazima mtu ateleze hapo, na sababu ya kuwaridhisha sina, nawaambia likaririni hilo moja tuendelee.