Ruhusa halisi ya folda ya pamoja ni nini, na kwa nini umepewa ruhusa ila bado inakukatalia

Wengi tukisikia ruhusa ya folda tunadhani ni kitu kimoja, unaenda kwenye folda, unaongeza jina la mtu, unaweka tiki, kaingia. Kwenye Windows haiko hivyo. Folda iliyosheyiwa kwenye neti ya ofisi ina ruhusa za aina mbili, kila moja ina ukurasa wake wa kuiset, na anachoweza kufanya mtu kiukweli ni kile kinachobaki baada ya zote mbili kuangaliwa. Hicho kinachobaki ndo ruhusa halisi.

Ya kwanza ni ruhusa ya kusheya. Ina ngazi tatu tu, kusoma, kubadilisha na udhibiti kamili, na inafanya kazi pale tu mtu anapoingia kupitia neti. Ya pili ni ruhusa ya NTFS, ile inayokaa kwenye diski yenyewe pamoja na faili, hii ina vipengele vingi zaidi na inamhusu kila mtu, awe amekaa mbele ya seva, yaani kompyuta inayotunza folda hiyo, au anaingia kutoka kompyuta nyingine. Ni kama unga unaopitishwa kwenye chekeche mbili, yenye matundu madogo ndo inaamua. Sasa chukulia umempa mtu udhibiti kamili kwenye NTFS, halafu kwenye ukurasa wa kusheya kwa mipangilio ya ndani (Advanced Sharing) umeacha ile ya kawaida ambayo Windows inaiweka yenyewe, yaani kundi la Everyone (kila mtu) kusoma tu. Atafungua faili, atasoma vizuri, akitaka kusevu anaambiwa hana ruhusa, wewe unaenda kwenye seva unajaribu pale pale inasevu, unarudi unamwambia mbona inakubali, mnabishana bure. Ukijaribia kwenye seva moja kwa moja, ruhusa ya kusheya hata haiguswi.

Ndo maana mafundi wengi wanaachia kusheya wazi kwa wafanyakazi wote halafu wanabana kwenye NTFS, na mi naona wako sahihi maana unabaki na sehemu moja tu ya kuangalia. Ila hakikisha kwanza diski imefomatiwa kwa NTFS kweli, ikiwa ni FAT32 au exFAT, mifumo mingine ya kupanga faili kwenye diski, hamna cha kubana pale, ulinzi wote unabaki kwenye kusheya.

Ndani ya aina moja hesabu inageuka, ruhusa zinajumlishwa. Mhasibu akiwa kwenye kundi la Wafanyakazi linaloruhusiwa kusoma, na kundi la Uhasibu linaloruhusiwa kurekebisha, atarekebisha. Kinachoharibu ni ile tiki ya kukataza (Deny). Mtu anataka wanafunzi wa mafunzo wasiandike, anaenda kulikataza kundi zima la Wafanyakazi kuandika, dakika chache baadaye uhasibu wote wamefungiwa pamoja na bosi wao, kwa sababu katazo likiwekwa moja kwa moja kwenye folda linashinda ruhusa zote. Kama hutaki mtu aingie, usimpe ruhusa tu, inatosha, tiki ya kukataza usiiguse.

Kuna hii nyingine ya Word na Excel inayochanganya sana. Mtu ana ruhusa ya kuandika lakini hana ya kufuta, faili la maandishi ya kawaida anarekebisha bila shida, la Excel linamgomea. Excel ikisevu haiandiki juu ya faili la zamani, inatengeneza faili la muda, inaondoa la zamani, kisha inabadilisha jina la lile jipya, kwahiyo bila ruhusa ya kufuta inakwama katikati, na unaweza kukuta vifaili vyenye majina ya ajabu vimebaki kwenye folda. Mpe ruhusa ya kurekebisha (Modify), ile ina kufuta ndani yake.

Umeset vyote sawa na bado anakataliwa? Kama umemwingiza kwenye kundi sasa hivi, atoke kwenye akaunti aingie tena, kwa sababu orodha ya makundi yake inachukuliwa wakati wa kuingia. Aandike whoami /groups kwenye dirisha la amri (Command Prompt), kundi lisipotokea hapo ndo jibu. Halafu angalia kama kompyuta yake haijatunza jina na paswedi ya zamani ya seva ile, inawezekana anaingia kama mtu mwingine kabisa bila kujua. Amri ya net use inaonyesha miunganisho iliyopo, na Windows haikubali mtu mmoja kuingia seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja.

Na usome ujumbe vizuri. 0x80070035 maana yake njia ya neti haijapatikana, hiyo siyo ruhusa, angalia jina la seva au kama ukuta wa moto (firewall) umefunga mlango (port) 445 ambao folda za kusheya zinapitia, utahangaika na tiki siku nzima bure.

La mwisho ni faili moja tu kugoma wakati wenzake wote kwenye folda wanafunguka. Mara nyingi limehamishwa kutoka folda nyingine ya diski hiyo hiyo, na faili likihamishwa hivyo linakuja na ruhusa zake za kule lilikotoka, likikopiwa ndo linachukua za folda mpya. Likopi upya, au ingia kwenye mipangilio yake ya usalama uliambie lirithi ruhusa za folda lililomo.