Shokapu haibebi gari: maana yake, na namna ya kuchagua mpya kwa SUV kubwa

Jina lenyewe ndilo linaloanza kupotosha. Wapo wanaosema shokapu, wapo wa shokomzoba, na ukisikia tafsiri ya kitaalamu utaambiwa ni kifyonza mshtuko. Yote yanakufanya uamini kwamba hiki ndicho kifaa kinachopokea kishindo gari likitumbukia shimoni. Sivyo. Kishindo hupokelewa na tairi, kisha springi. Shokapu inaingia kazini kuituliza springi, kwa sababu springi haijui kuacha.

Ining'inize springi, ifunge kitu kizito chini, ivute kisha uiachie. Itapanda na kushuka mpaka ichoke yenyewe. Gari lenye springi tupu lingefanya vivyo hivyo baada ya kila tuta: lingenesa na kunesa, na tuta jingine lingelikuta bado hewani. Shokapu huimaliza nguvu hiyo kwa kuigeuza joto. Ndani mna bomba lenye oili, na ndani ya oili mna pistoni yenye matundu madogo na valvu. Gurudumu likipanda au kushuka, pistoni huilazimisha oili ipite kwenye matundu hayo. Oili haipiti kwa haraka, na kule kusukumana ndiko kunakoleta moto. Ukitoka kwenye barabara mbovu, shokapu zinazofanya kazi huwa na joto la kuunguza kiganja. Kama tatu zina moto na moja ni baridi, hiyo ya baridi ndiyo iliyokufa.

Sasa ukishajua kwamba shokapu haibebi gari, mambo mengi yanayosemwa dukani yanabadilika. Mtu ambaye SUV yake imekaa chini nyuma haponi kwa kununua shokapu "ngumu". Aliyechoka hapo ni springi. Shokapu ya kawaida ukiifungua na kuitoa, gari halishuki kwa kiasi cha kuonekana. Kuna mfumo ambao springi ya koili hukaa juu ya mwili wa shokapu yenyewe, kama ilivyo mbele ya Prado nyingi, na hapo huwezi kutoa kimoja ukaacha kingine. Lakini hata hapo anayebeba ni springi, na shokapu ni mahali pa kuikalisha tu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni gari lako lina uzito gani, na limefungwa springi gani. Jina la kampuni linasubiri. SUV kubwa ina shida ambayo gari dogo halina: uzito wake hubadilika sana. Toyota Land Cruiser 200 likiwa tupu lina karibu tani 2.7, na linaruhusiwa kufika karibu tani 3.3. Ongeza bampa ya chuma, winchi, tangi la pili na mizigo juu ya paa, halafu ujiulize ni lini mara ya mwisho gari hilo lilikuwa tupu. Shokapu iliyopimwa kwa gari tupu itashindwa kuutuliza mzigo huo. Na iliyopimwa kwa mzigo itamtikisa dereva anayekwenda kazini peke yake. Chagua kwa uzito unaotembea nao siku nyingi, si kwa safari moja ya mwaka.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hulipita juu juu. Shokapu ina kazi mbili, na kila moja ina valvu zake: kubana gurudumu linapopanda, na kuzuia linaporudi chini. Wakati wa kubana, springi nayo inasaidia kupinga. Wakati wa kurudi, springi imejaa nguvu na inataka kujifyatua, na shokapu iko peke yake. Ndiyo maana shokapu nyingi hutengenezwa ziwe nzito zaidi upande wa kurudi. Ukiweka springi kali zaidi bila kugusa shokapu, umeongeza nguvu ya kujifyatua na mlinzi umemwacha yule yule. Gari litaanza kurusha mkia kama punda.

Je, basi shokapu ngumu kuliko zote ndiyo salama? Hapana, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Mwili wa gari hunesa taratibu, kama mara moja au moja na nusu kwa sekunde. Gurudumu na ekseli yake hurukaruka mara 10 hadi 15 kwa sekunde hiyo hiyo. Shokapu moja inatakiwa kuwatuliza wote wawili. Ikiwa nzito mno upande wa kurudi, kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi gurudumu halipati muda wa kushuka kabla ya wimbi linalofuata. Linabaki juu, gari linazidi kuchuchumaa, na tairi linaelea. Dereva anasikia ugumu na kudhani ameshika barabara vizuri, kumbe mshiko umepungua.

Tukija kwenye namna zinavyotengenezwa, kubwa ni mbili. Ya bomba mbili ina bomba la kazi ndani ya bomba jingine, na oili ya ziada hukaa katikati yao. Ni ya kawaida, haina gharama kubwa, na jiwe likibonyeza ganda la nje mara nyingi inaendelea na kazi. Udhaifu wake ni kwamba oili na gesi viko chumba kimoja. Ikichapwa sana, oili inatoa povu, na povu halizuii kitu. Nyingi za siku hizi hutiwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo dogo ili kupunguza povu hilo. Nyingine huwekewa sponji maalumu badala ya gesi.

Ya bomba moja ina pistoni inayoteleza kwenye ukuta wa nje wenyewe. Gesi yake imetengwa na oili kwa pistoni ya pili inayoelea, na shinikizo lake ni kubwa, mara nyingi zaidi ya bar 20. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon ndiye anayetajwa kwa kuianzisha teknolojia hii, na kampuni ya shokapu ya Bilstein ikaipeleka kwenye magari ya Mercedes-Benz miaka ya 1950. Inapoa haraka kwa sababu oili imegusana na ukuta unaopigwa na upepo, na pistoni yake inaweza kuwa pana zaidi. Zile za Bilstein za magari makubwa nyingi zina pistoni ya milimita 46. Ila ukuta ule ukibonyea, hata kidogo, pistoni inakwama au kukwaruzika, na habari yake imeisha. Zile zenye kichupa cha pembeni huongeza oili na kukipa chumba cha gesi nafasi yake. Zina maana kwa anayekimbiza gari zito kwenye mawimbi kwa saa nyingi. Kwa anayepeleka watoto shule ni mapambo.

Kipimo ambacho sitakuacha ukisahau ni urefu. Kila shokapu ina urefu wa mwisho ikivutwa na urefu wa mwisho ikibanwa. Tuseme umeinua gari milimita 50 kwa springi ndefu. Kwenye ekseli nzima, yaani ile inayounganisha magurudumu mawili kwa kipande kimoja, shokapu za zamani sasa zimekaa zikiwa zimevutika karibu milimita 50 zaidi hata gari likiwa limesimama. Gurudumu likishuka kidogo tu, pistoni inagonga mwisho wa bomba kwa kishindo kila mara, mpaka kitu kikatike. Basi mtu anakimbilia shokapu ndefu kupita kiasi, na kosa linageuka: gurudumu likipanda, shokapu inajibana mpaka mwisho kabla ekseli haijakutana na kile kipande cha mpira cha kuzuia kugonga, na uzito wote wa gari unaangukia kwenye kifaa ambacho hakikuumbwa kuubeba. Kwenye magari yenye mikono ya kujitegemea, yaani kila gurudumu limeshikwa na mkono wake, mahesabu ni tofauti, maana shokapu imeshikwa katikati ya mkono na husogea kidogo kuliko gurudumu. Kwa hiyo usichukue vipimo vya gari la jirani.

Kabla ya kuagiza, hakikisha gari lako halina mfumo wenye akili yake. Lexus LX nyingi hutumia mfumo wa oili unaopandisha na kushusha gari, Range Rover nyingi hukaa juu ya mifuko ya hewa, na baadhi ya Cadillac Escalade zina shokapu zenye oili ya chembe za chuma ambayo huwa nzito ikipitishiwa sumaku. Huko ukifunga shokapu ya kawaida bila mpango, dashibodi itawaka taa na huenda gari likakataa utaratibu wake wa kawaida. Kuna pia shokapu iitwayo Nivomat, iliyokuwa ikifungwa nyuma ya baadhi ya Volvo XC90 za kizazi cha kwanza. Hiyo hujipampu yenyewe gari likitembea na kwa kweli inabeba sehemu ya uzito, ikiwa na springi laini makusudi. Ndiyo inayoasi kichwa cha habari hapo juu. Ukiitoa na kuweka ya kawaida, lazima ubadilishe na springi, la sivyo nyuma italala chini.

Kuhusu kujua kama zimekwisha, lile jaribio la kukandamiza kona ya gari na kuhesabu linavyonesa halisaidii kwenye gari la tani mbili na nusu. Angalia tairi lililolika kwa mabonde mabonde, pua inayoinama mno ukishika breki, na oili inayotiririka kwenye mwili wa shokapu. Unyevu mwembamba kama jasho karibu na sili, ule mpira unaozuia oili kutoka, si ugonjwa. Badilisha mbili za ekseli moja pamoja.

Siku ya kufunga, simama karibu na fundi. Akishika ile fimbo inayong'aa kwa koleo ili nati ya juu isizunguke, mzuie, maana mkwaruzo mmoja utaichana sili na oili itaanza kuvuja. Shokapu ya bomba mbili iliyolazwa ghalani isimamishwe na kuvutwa na kubanwa mara kadhaa kabla ya kufungwa, ili hewa itoke kwenye bomba la kazi. Na bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likining'inia kwenye jeki, bushi zitaishi zimejikunja, na baada ya miezi michache utarudi ukilalamika kwamba shokapu mpya zinalia.